Baragumu la Muuza Tofu

Makaa ya mawe yalipokuwa bado yanachimbwa kwa sururu katika bonde moja la Japani, wachuuzi wa chakula walipita kijiji cha wachimbaji kimya kimya. Iliaminika kwamba mungu wa mlima huchukia mluzi, na aliyepuliza chochote karibu na mgodi alitimuliwa.

Otsune aliuza tofu, ile jibini laini ya soya, katika ndoo mbili alizobeba kwa mzega. Baragumu lake la shaba alilipuliza mbali, barabarani. Lakini asubuhi za baridi alipumzika nyuma ya mlima, kwenye tundu la hewa lililotoa joto la mgodini, na siku moja akajisahau, akalipuliza pale.

Jioni Shige, mwanamke aliyevuta makaa huko chini, alimcheka. "Dada, kumbe ni wewe! Nimekusikia, tumbo likanguruma kuliko mlima. Nyamaza tu, mnyapara asijue."

Shige ndiye aliyemkaribisha chai ya kwanza, Otsune alipokuwa bado mgeni asiyejulikana na mtu.

Kisha dari la mgodi likaporomoka. Watu wanane walibaki ndani, Shige akiwa mmoja wao. Mnyapara Kumaji alisema ipo njia nyembamba ya kutokea kwenye tundu la hewa, ila taa zimezimika. Gizani nani ataiona?

Otsune aliziacha ndoo zipinduke, akapanda mbio hadi kwenye tundu, baragumu mkononi.

"We mama!" Kumaji alimfuata akihema, akamkamata mkono. "Unataka mlima wote utuangukie?"

"Mungu akikasirika, anikasirikie mimi. Shige anaijua sauti hii."

Kumaji alikuwa na hofu, si ubaya. Akamwachia mkono. Otsune akapuliza, akapumzika, akapuliza tena, hata midomo ikachanika. Jua lilipofika utosini, mkono mweusi ulishika ukingo wa tundu. Wakatoka mmoja mmoja, wote wanane, Shige wa mwisho.

"Tumekusikia," alisema, akalia.

Kesho yake Kumaji mwenyewe ndiye aliyembebea Otsune ndoo, nyumba hadi nyumba.

Na tangu siku hiyo, muuza tofu hupuliza baragumu pale kwenye tundu kabla ya kuuza chochote. Mgodi ulishafungwa, tundu likazibwa kwa zege. Hata hivyo wenyeji hutoka na mabakuli yao, na kabla ya kuuliza kama tofu ni ya leo, humwambia mchuuzi: "Tumekusikia."