Mizani Haipimi Pumzi

Mizani haipimi pumzi. Mjomba wenu Kasto amemwambia Fausta maneno hayo leo asubuhi, na tangu hapo Fausta amenuna, hata chai hajagusa. Amekimbia barabarani miezi na miezi, chipsi ameacha, soda ameacha, na mizani ya zahanati imemjibu vile vile. Sasa anadhani mjomba amemcheka. Hakumcheka. Sogeeni hapa, kila mtu ashike tangawizi asugue udongo, maana mimi siwezi kusimulia huku mikono ya vijana imekaa bure. Msemo huo haukutoka mbali. Ulizaliwa kijijini hapa hapa, siku hiyo nilikuwepo, na uliozaa msemo huo ni wivu. Tena wivu wa dada na dada, ambao ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu huwezi kuhama ukoo.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, bado mgeni hapa Luhangazi. Jirani zangu walikuwa dada wawili, Skolastika na mdogo wake Rufina, nyumba zao zikitazamana mlango kwa mlango. Skolastika alikuwa mama lishe gulioni, Rufina alikuwa fundi cherehani. Kazi za kukaa hizo. Wote wawili walikuwa wanene, wanawake wa kujaa mlango, na walijivunia unene wao mpaka nesi wa zahanati alipowapima presha akatikisa kichwa. Aliwaambia wapunguze mafuta na sukari, waache kushindilia ugali, na kila siku watembee mpaka watoke jasho. Wakamuuliza watembee wapi. Nesi akawanyooshea kidole mlima huu mnaouona, kutoka mtoni mpaka kanisani.

Basi wakaanza pamoja, alfajiri, mikono kiunoni, wakipumua kwa kelele mpaka mbwa wa njiani wakawazoea. Na siku za gulio walikwenda ghalani kupanda mizani ya magunia ya tangawizi, ile yenye uso mkubwa na mshale. Mwenye mizani alikuwa Mzee Mbena, mtu mwema, lakini hakujua kusoma namba kwa sauti ndogo. Alichosoma yeye, gulio zima lilisikia.

Mwanzoni mshale wa Rufina ulirudi nyuma kidogo. Wa Skolastika haukutikisika. Gulio lililofuata, wa Rufina ukarudi tena. "Skolastika, pale pale!" akatangaza Mzee Mbena. Wanawake wakamzunguka Rufina, wakamshika kiuno, wakamwambia amekuwa kigori. Skolastika naye akacheka pamoja nao, ila ninyi mnajua kicheko kinachoishia kwenye meno.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipomwingia, akaanza kupanda mlima peke yake. Rufina alikuwa na tabia moja: alipunguza magauni yake mwenyewe barazani, mchana kweupe, mbele ya mlango wa dada yake. Alikaa pale na mkasi, akikata vipande vya kitambaa na kuviangusha chini. Skolastika aliniambia kwamba sauti ya ile cherehani ilimwingia kichwani mpaka akawa anaisikia hata inapokuwa imefunikwa.

"Anakata makusudi," aliniambia. "Angeweza kukatia ndani."

"Ndani hakuna mwanga, mama," nikamjibu.

"Wewe ni mgeni. Humjui Rufina."

Alijaribu kila kitu. Aliacha chumvi, akaacha nyama, akapika chakula cha watu kutwa nzima bila kuonja, jambo ambalo kwa mpishi ni adhabu. Akapanda mizani. Pale pale. Siku moja alirudi kutoka gulioni akatupa viatu vyake vya kupandia mlima nyuma ya nyumba, akasema basi, kama Mungu amemuumba pipa, atakufa pipa. Nikadhani ameacha kweli.

Asubuhi yake nikamkuta anavitafuta viatu kwenye migomba. Unajua kwa nini? Alikuwa ameamka akaona dirisha la Rufina limefungwa, akajisemea kwamba mdogo wake ameshatoka, amepita njia ya nyuma ili apande peke yake na kumwacha. Hakuweza kuvumilia. Akapanda mbio kumfuata, hakumwona. Kesho yake akapanda tena. Na siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo, anapanda akimfukuza mtu asiyemwona. Ninyi mnasema siku hizi kuna wakufunzi wa mazoezi. Wa Skolastika alikuwa wivu, na hakumpa hata Jumapili ya kupumzika.

Ukweli ni kwamba Rufina alikuwa kitandani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Rufina alikuwa amesifiwa sana. Aliogopa gulio ambalo Mzee Mbena angesoma namba ile ile, watu wakanyamaza. Kwa hiyo akaacha kula. Si kupunguza kama nesi alivyosema, kuacha. Asubuhi maji ya ndimu, jioni uji mwepesi. Nguvu za kupanda mlima zikamwisha, akauacha mlima pia. Mshale uliendelea kurudi nyuma, na sisi sote tukaendelea kupiga vigelegele kama wajinga.

Skolastika hakujua hilo. Yeye aliona kiuno tu. Akaanza kumtumia mdogo wake maandazi, yale ya kukaangwa mpaka yanadondoka mafuta, ameyafunika vizuri kwa kitambaa, eti upendo wa dada. Rufina alishukuru sana, akayapitisha uani, akanipa mimi. Kwa hiyo katika habari hii yote, aliyenenepa ni bibi yenu.

Mimi nilipanda mlima ule na Skolastika mara kadhaa, nikienda kuchota maji ya chemchemi. Siku moja alinisimulia ubaya wa Rufina tangu mtoni mpaka kanisani bila kukata, jinsi walivyogombania kanga ya mama yao, jinsi Rufina alivyopendwa na baba. Mimi kijana, mwembamba kuliko yeye, nilikuwa nyuma yake nimeshika ubavu, siwezi hata kuitikia. Naye akageuka, akanifokea kwamba simsikilizi. Wala hakugundua. Mwanzoni yeye mwenyewe alikuwa akipumzika kwenye kila jiwe.

Sasa likaja jambo la mwali. Binti wa dada yao mkubwa, Benedikta, aliyeitwa Asteria, alikuwa amewekwa ndani, na siku yake ya kutoka ikakaribia. Ninyi mmekulia mjini, kwa hiyo nisikilizeni. Kwa desturi ya hapa, mwali huogeshwa mtoni asubuhi, kisha hubebwa mabegani mpaka uani kwao. Anayembeba ni mama yake mdogo. Mguu wa mwali haugusi ardhi njiani, ukigusa, watu watasema nyumba ile haina mgongo, na watasema mpaka mwali huyo awe na wajukuu. Tena anayebeba ndiye anayeimbisha. Wengine tunaitikia tu. Yeye akinyamaza, hakuna mwingine anayeruhusiwa kushika wimbo.

Asteria alipozaliwa, Skolastika ndiye aliyempokea mikononi. Alikuwa ameingoja siku ile tangu mtoto hajaota meno. Yeye hakujaliwa binti, na alijua hatapata nafasi nyingine. Lakini Benedikta aliwaita wote wawili, akawaambia hataki aibu, watu wa upande wa mume wake wamealikwa. Akauliza mizani inasema nini.

"Rufina amepungua," Benedikta akamwambia Skolastika, macho chini. "Wewe uko pale pale. Mlima ule, uzito wako peke yake unakutosha. Abebe aliye mwepesi."

Skolastika hakubisha. Alirudi kwake, akaketi jikoni, akalia mpaka moto ukazimika. Nilipoingia aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Namwombea aanguke. Mungu anisamehe, namwombea aanguke mbele ya watu wote." Nikamwambia afunge mdomo. Akasema mdomo ataufunga, lakini moyo hauna kifuniko.

Siku ikafika. Tukashuka mtoni, ngoma mbele. Asteria akaogeshwa, akafunikwa kanga mpya gubigubi, akapandishwa mabegani kwa Rufina. Na Rufina alipendeza, nisiseme uongo. Gauni lake mwenyewe, limemkaa kiunoni, shingo ndefu. Akaanzisha wimbo:

"Mwali huyo, pisheni njia!"

"Apite!" tukaitikia.

Skolastika alitembea nyuma yake kabisa. Macho yake hayakutoka kwenye visigino vya Rufina.

Tulipopita migomba, wimbo ulikuwa mzuri. Tulipofika kwenye matuta, maneno yakaanza kufupika. "Mwali huyo," anasema Rufina, kimya, halafu "pisheni," kimya. Wapiga ngoma wakapunguza mwendo kumngoja. Tulipofika pale njia inapopinda, pale penye mwinuko mkali, akasema "Mwali," akasimama. Tukangoja neno la pili. Halikuja. Ngoma zikanyamaza, tukasikia mto huko chini. Watu wa upande wa mume walikuwa wamejipanga juu, wanatazama.

Magoti ya Rufina yalikuwa yanatetemeka, na uso wake umekuwa wa kijivu. Miguu ya Asteria chini ya kanga nayo ikawa inatetemeka.

Skolastika akasogea mpaka karibu naye, uso kwa uso. Mimi nilikuwa hatua moja tu, na nilijua alichokuwa ameomba. Nikaona ameona kwamba amepewa.

"Rufina," akasema kwa sauti ya chini, "umekula nini leo?"

"Niache."

"Umekula nini?"

"Maji ya ndimu."

"Na jana?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Rufina, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Dada, namwangusha," akasema. "Namwangusha mtoto."

"Asubuhi zote zile," Skolastika akauliza, "ulikuwa unapita njia gani kupanda?"

"Njia gani? Nilikuwa nimelala! Nilikuwa nakuona dirishani ukipita, unaongea peke yako, na mimi hata kusimama siwezi. Roho iliniuma mpaka nikawa nafunga dirisha nisikuone."

Skolastika akamtazama. Nadhani alihitaji muda kidogo kulielewa jambo hilo, kwamba kumbe kulikuwa na wivu wa upande wa pili wa njia. Kisha akageuka, akampa mgongo, akapiga magoti kwenye udongo na gauni lake la sherehe.

"Mleteni," akasema.

"Skolastika, uzito wako," Benedikta akaita kutoka juu.

"Mleteni!"

Wanawake wawili wakamshika mwali makwapani, wakamhamisha taratibu kama mtu anayehamisha mtungi uliojaa, na mguu wa mwali haukugusa hata jani. Skolastika akainamisha kichwa, akavuta pumzi. Akaweka mguu mmoja. Akainuka.

Na akaimba. Watoto wangu, aliimba! Hakuanza pale Rufina alipoishia. Alianza wimbo upya tangu mwanzo, beti zote, na mwinuko ule akaupanda bila kuruka neno. Ngoma zikashindwa kumfuata, zikamkimbilia nyuma. Alipofika mbele ya wakwe akaongeza na beti za kwake mwenyewe, za kuwatania, mpaka mzee mmoja wa upande wa mume akavua kofia. Akaingia uani, akazunguka mara ya pili ambayo haikudaiwa na desturi yoyote. Ilikuwa majivuno tu. Mwali ikabidi aombe chini kwa chini ashushwe, kizunguzungu kimemshika.

Baadaye tulikaa jikoni. Rufina alikuwa amepewa bakuli la wali na maharage, analila polepole, na dada yake amemsimamia kama askari mpaka aone bakuli tupu. Skolastika jasho lilikuwa linamtiririka, lakini alikuwa anasimulia, anaelekeza wapishi, anagombana na mtu wa maji, yote kwa wakati mmoja. Rufina akaacha kijiko, akamtazama kwa muda mrefu.

"Dada, ulipanda mizani juzi?"

"Nilipanda."

"Ikasemaje?"

"Pale pale."

Rufina akatazama kiuno chake, kiuno kilichokuwa kimesifiwa na gulio zima. Akamtazama tena dada yake aliyekuwa ameujaza mlango wa jikoni wote, hajachoka. Akasonya.

"Kumbe mizani haipimi pumzi," akasema.

Msidhani alisema kwa hekima. Alisema kwa kijicho, kijicho kitupu, kama mtu anayelalamika kwamba ameuziwa kitu kibovu. Na Skolastika, ambaye msimu mzima alikuwa na njaa ya neno moja tu kutoka kwa mdogo wake, akaweka mwiko chini.

"Hebu rudia."

"Sirudii."

"Rufina, rudia, sikusikia vizuri."

"Umesikia. Sirudii ng'o."

Tukacheka mpaka wali ukaungua. Rufina alikufa bila kurudia neno hilo, nakuapia. Na ndiyo maana, Fausta, sisi wengine tunalirudia kwa niaba yake, kila tunapomwona mtu anashuka kwenye mizani amenuna, na wewe jana ulipanda mlima huu kutoka stendi ukinisimulia habari za mjini njia nzima, mizigo yote miwili mikononi mwako: mizani haipimi pumzi.