Sahani ya Nyuma ya Mlango

Ndugu zangu, hebu nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na bwana mmoja, mkono wake wa kulia ulikatwa na mashine ya mkonge. Tangu hapo akawa anakula kwa kushoto. Angekula kwa upi mwingine? Lakini kila harusi, masinia ya pilau yakishawekwa, watu waliutazama ule mkono wakasogea kando, na mwenye shughuli akamwekea sahani yake peke yake, nyuma ya mlango. Dini haikumkataza, mwenye udhuru hana lawama. Sisi ndio tuliomkataza.

Basi akapata mkono wa kisasa, wa betri. Akikaza misuli ya kigutu, vidole vinakunjika, akilegeza, vinakunjuka. Akarudi kazini anakaza nati, jioni anambeba mjukuu wake. Mtaa mzima ukaja kuutazama.

Ikafika harusi ya mpwa wake. Mwenye shughuli akampokea mlangoni kwa bashasha. "Karibu, shehe, pita mbele! Leo unakaa sinia la wazee. Alhamdulillahi, sasa umekuwa mtu kamili."

Mmelisikia neno hilo? Kwani jana alikuwa nusu?

Bwana yule akapita, akaketi. Birika la kunawia lilipomfikia, akauvua mkono wa betri, akaulaza mkekani, akanawa wa kushoto, akaupeleka kwenye pilau.

"Aa, shehe!" mwenye shughuli akashtuka. "Si unao wa kulia sasa?"

"Ninao. Fundi amenikataza kuutia kwenye mafuta. Ule ni wa kazi. Kwa pilau ninao huu huu mliokuwa mkiukimbia. Kule nyuma ya mlango nilikuwa mtu kamili, na mlijua. Anayetaka kuhama na ahame. Mimi leo sihami!"

Akatia tonge mdomoni, akatafuna taratibu, huku akiwatazama mmoja mmoja.

Ndugu zangu, mafundi wanafanya kazi kubwa, Mungu awazidishie. Lakini sisi je? Tunangoja fundi amkamilishe mtu ndipo tumkaribishe? Na yule asiyeupata mkono huo akale wapi? Betri ikiisha, tunamrudisha nyuma ya mlango?

Leo baada ya swala kuna chakula hapo uani. Nikiiona sahani ya peke yake, mimi imamu wenu nitakwenda kukaa pale pale na mwenyewe, na hilo sinia la wazee mtabaki nalo nyinyi.