Chemchemi Isiyofika Goti la Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri. Na wewe uliyebinua mdomo, eti pimbi hawawezi kuwa na serikali, umeona serikali ngapi zilizowazidi akili? Nyamaza usikie.

Zamani hizo, za kale kabisa, pimbi waliishi majabalini. Wadogo kama sungura, kelele kama soko. Mtawala wao alikuwa Tembo, mbali huko bondeni. Wakalia, twataka kujitawala. Wakalia mwaka, wakalia miaka. Tembo akachoka masikio. Akawapa kiti, akawapa mhuri.

"Haya. Njia zenu, choo chenu, chemchemi yenu. Jitawaleni."

Pimbi wakacheza, tindi tindi tindi. Wakamkalisha kitini Kibindo, mnene kuliko wote.

Kumbe Tembo, pamoja na majabali yake yote, alikuwa ameshajiunga na Muungano Mkubwa wa ng'ambo ya mto. Huko viboko walikuwa wameamua: kila mahali pa kunywea, maji yafike goti la kiboko. Yasipofika, pafungwe. Amri ikavuka mto, ikapita kwa Tembo, ikapanda majabali, ikamwangukia Kibindo. Chemchemi yao ilifika goti la pimbi. Kibindo akagonga mhuri, pa! Ikazibwa kwa miiba, walinzi wakawekwa.

Siku ya tatu akaja Chechewe, mwanawe mgongoni, ulimi wa mtoto umekauka.

"Mwenyekiti, mwanangu anakufa kiu. Fungua."

"Shangazi, ningependa. Kufungua kunaamuliwa ng'ambo."

"Na kufunga?"

"Kufunga ni kwetu. Tuna mamlaka kamili."

"Kiboko ameshawahi kupanda huku?"

"Hawezi, shangazi. Mzito."

"Basi goti lake linatafuta nini kwenye maji yetu?"

"Nimeandika barua. Tungoje."

"Ngoja wewe. Umenona."

Chechewe akaing'ata miiba, akavuta, ngwara ngwara. Walinzi wakatazamana. Nao walikuwa na kiu. Wakavuta pamoja naye. Mtoto akanywa kwanza, glu glu glu, kisha walinzi, kisha jabali zima.

Kibindo hakushuka kitini. Angekunywaje, na marufuku ni yake? Jibu la barua lilimkuta amekauka kama ngozi ya ngoma. Lilisema: *Subirini.*

Basi sikieni. Aliyepewa uwezo wa kufunga tu, asiweze kufungua, huyo hatawali. Huyo ni bawabu, hata akikalia kiti.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye swali akamuulize Kiboko. Nanyanyuka, natoka, na mlango nimeshaufunga.