Gari la Nyamizi na Watatu Waliolifufua

Nawaletea watu watatu na gari moja. Msikilize vizuri kila mmoja alitoa nini, maana nikimaliza nitawauliza nyinyi, na mimi sitawasaidia kujibu.

Wa kwanza ni Anyitike, fundi mzee mwenye sikio. Gari likiunguruma mbele yake, hufumba macho akakutajia ugonjwa kabla hujafungua boneti. Wa pili ni Mwajabu, hodari wa kutunza. Kitu kikiingia kwake hakipotei wala hakiozi. Wa tatu ni Zuberi, mchomeleaji. Chuma alichounga yeye kitakatika kwingine kote, si pale alipounga.

Na mwenye gari ni Nyamizi. Mumewe, Mihambo, alibeba asali kutoka msituni kwa gari kuukuu la porini, lile la mabati matupu na matairi marefu. Mihambo alipofariki, warina asali wenzake wakahamia kijiji cha barabarani. Kambi yao ya msituni, Isote, ikabaki na Nyamizi na kuku wake. Zilikuwapo siku alipopiga hodi mlangoni pake mwenyewe, ili tu alisikie neno hilo likitamkwa.

Gari nalo lilikuwa na maradhi ya uzee. Oili ilivuja, breki zilishika baada ya kukanyagwa mara tatu, gia ya pili iliruka. Mwishowe lilichemsha, likatoa moshi mweupe, likazima. Fundi wa mjini alilizunguka mara moja, akataja gharama iliyolizidi gari lenyewe.

"Mama, hili liuze chuma chakavu," akasema, akaondoka.

Likakaa miezi minane. Kisha mpita njia akaleta habari kwamba Kalunde, dada yake Nyamizi aliyeishi peke yake ng'ambo ya msitu, hainuki tena kitandani, na anamwita. Kalunde ndiye mtu pekee aliyebaki aliyemjua Nyamizi akiwa mtoto. Na njia ya kule, kwa mashimo na makorongo yake, haikupitika kwa gari jingine.

Nyamizi akatuma neno kijijini: "Atakayelifufua gari hili, nikishafika kwa dada yangu litakuwa lake. Mimi nitabaki huko nimuuguze."

Anyitike alikuja kwa miguu, nusu siku nzima, na goti bovu.

"Washa, shemeji," akasema.

Gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Akataka liwashwe tena, na tena, macho kayafumba.

"Injini yenyewe ni nzima," akasema. "Silinda hedi, kifuniko chake cha juu, ndiyo imepata ufa. Na chesesi, mifupa ya gari, inalia nyuma huku." Akaingia chini na bisibisi, ikazama kwenye chuma kana kwamba kachoma muhogo uliooza. "Ungeenda hivi, gari lingekatika vipande viwili njiani."

Silinda hedi ya gari la namna ile haikuwa ikiuzwa tena. Ilikuwapo moja tu, kwenye gari la aina ile ile, lisilotembea, lililofunikwa turubai uani kwa Mwajabu kijijini. Lilikuwa la mwanawe, aliyekwenda machimboni miaka tisa iliyopita na hakuandika hata mstari mmoja. Kila Ijumaa Mwajabu alilifuta vumbi. Nyamizi akamwendea mwenyewe.

"Akirudi akakuta limefunguliwa, nimwambie nini?" Mwajabu akauliza.

Chai ikapoa vikombeni mwao. Kisha Mwajabu akainuka, akalifunua turubai kwa mkono wake.

"Fungueni. Dada yako anaita. Mwanangu haiti."

Zuberi alifika Isote na mitungi yake ya gesi juu ya mkokoteni wa punda. Wiki ile ile alikuwa amepata kazi kwenye ujenzi wa daraja, kazi aliyoisubiri miaka miwili. Siku ya pili lori likaja kumchukua, likapiga honi. Zuberi alikuwa chali chini ya gari, chesesi iko wazi nusu.

"Nenda, mwanangu," Nyamizi akamwambia.

"Nikiiacha hivi, mama, hutafika."

Lori likaondoka. Nafasi yake akapewa mwingine. Siku ya nne Anyitike akafunga silinda hedi mahali pake, na gari likawaka.

Nyamizi aliendesha peke yake kutwa nzima. Alipoingia, Kalunde alifumbua macho, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Wakapata siku nne. Walicheka mambo ya mama yao, wakalia kidogo. Siku ya tano Kalunde akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake.

Hapakuwa tena na wa kumuuguza. Nyamizi akamzika dada yake, akarudi Isote, kwa kuwa ahadi ni deni. Akawakuta wote watatu uani, wakilingoja gari.

"Bila sikio langu," alisema Anyitike, "mngehangaika na injini isiyo na ugonjwa."

"Mimi nimevunja gari la mwanangu," alisema Mwajabu. "Akirudi, nimpe nini?"

"Nami sina kazi," alisema Zuberi. "Gari hilo lingekuwa kazi yangu."

Hakuna aliyesema uongo. Na gari halikatiki mapande matatu likabaki gari.

Nyamizi akasema watakula kwanza. Akapika ugali wa watu wanne, jambo ambalo sufuria yake ilikuwa imelisahau. Walipokuwa wakinawa, aliutazama ua wake wenye watu, akajua kwamba neno lolote atakalolitoa, mmoja ataondoka na gari, wawili wataondoka na kinyongo, naye atabaki Isote bila gari wala mgeni. Chakula kikaisha. Wote watatu wakamgeukia.

Basi ndugu zangu, ufunguo ungali kiganjani mwake, na wanamngoja. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa Nyamizi, ungempa nani?