Siku Muziki Ulipokatika Belle Isle

Cortland Tolliver alikuwa mtu wa miguu mirefu na maneno mengi. Siku za kazi alisambaza barua upande wa mashariki wa Detroit; mwisho wa juma alipiga muziki harusini na kwenye sherehe za mitaa. Kazi hiyo aliianza na dada yake, Delphine, wangali vijana, kwa mashine mbili za santuri walizonunuliwa na baba yao. Kwa miaka ishirini ndugu hao walikuwa chanda na pete. Kisha zikaja kompyuta, na pete ikachomoka chandani.

Cortland aliivamia kompyuta kama nyuki aonavyo ua. Santuri zake elfu mbili alizipeleka kwenye gereji ya rafiki yake huko Toledo, mwendo wa saa nzima kwa gari, akazisahau. Hata ndani ya kompyuta hakuhifadhi wimbo.

"Kila wimbo uliowahi kuimbwa uko mtandaoni," alipenda kusema. "Mimi kazi yangu ni kuuita tu."

"Na usipoitika?" Delphine alimuuliza siku moja. Yeye alikuwa msusi, na chumba chake cha kulia chakula kilijaa santuri hadi wageni walikula wamesimama.

"Utaitika. Mimi si kama wewe, dada, unayebeba matofali kwenda kwenye raha. Mimi nabeba upepo."

"Haya. Siku ukitaka kuukalia huo upepo, uniite nije nitazame."

Tangu hapo kila mmoja akashika njia yake. Walisalimiana vizuri, walikula pamoja Jumapili, lakini hawakupiga muziki pamoja tena kwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka huo mama yao, Bi Verlene, alikuwa anatimiza miaka themanini. Majira ya baridi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari alimwambia ashukuru akitembea. Bi Verlene alishukuru, kisha akaapa kwamba siku yake ya kuzaliwa atacheza hustle, ile dansi ya kupanga safu na kugeuka pamoja, na watu wote, bila kushikwa mkono. Kila asubuhi alikizunguka kijiko chake cha mbao alichokiweka sakafuni jikoni, kulia hatua nne, kushoto hatua nne, akijihesabia mwenyewe huku jasho likimtoka.

Sherehe ilipangwa kufanyika kisiwani Belle Isle, mchana wa Jumamosi, mwezi wa Julai. Bi Verlene aligawa kazi bila kumung'unya maneno.

"Cortland, muziki. Delphine, wewe makaroni ya jibini na saladi ya viazi. Usininunie. Wewe unachelewa kutafuta masanturi yako, na mimi sina nyonga ya kusubiri."

Delphine aliyameza maneno hayo kama mtu anavyomeza dawa chungu. Lakini asubuhi ya sherehe, kabla ya kupakia masinia ya chakula garini, alitanguliza mashine zake mbili na makreti matatu ya santuri. Hakumwambia mtu. Alijisemea tu kwamba mwavuli haubebwi kwa sababu mvua inanyesha, bali kwa sababu huenda ikanyesha.

Siku ilikuwa nzuri kupita kiasi. Watu tisini walifika, baadhi yao kutoka Alabama, wote wamevaa fulana za zambarau zenye picha ya Bi Verlene. Moshi wa mbavu za nguruwe ulitambaa juu ya nyasi hadi mtoni. Cortland alisimama nyuma ya meza yenye kompyuta moja nyembamba kama kitabu, akang'aa kama shilingi mpya. Mjomba Lucius, kaka yake Bi Verlene, aliomba wimbo wa zamani sana uliokuwa ukipigwa shereheni kwao alipokuwa kijana. Kufumba na kufumbua, ukalia. Mzee huyo alishika kichwa kwa furaha.

"Umeona, dada?" Cortland alimwita Delphine. "Ungekuwa wewe, sasa hivi ungekuwa umepiga magoti kwenye makreti."

"Makaroni yanapoa," Delphine alijibu, akaendelea kupakua.

Ilipopita saa nane kisiwa kilifurika. Magari yalipanga foleni darajani, familia kwa mamia zikatandaza vitambaa vyao nyasini, na kila mkono ulikuwa na simu. Wakati huo ndipo Bi Verlene alipoinuka. Alimkabidhi mjukuu wake kigari alichokitembelea tangu upasuaji, akaingia katikati ya safu ya kwanza. Watu walijipanga nyuma yake. Wimbo ukaanza. Alienda kulia hatua nne, kushoto hatua nne, akageuka, na watu wakapiga makofi.

Wimbo ukakatika.

Kwenye kompyuta kiduara kidogo kilikuwa kinazunguka. Cortland alibonyeza, akabonyeza tena. Aliinua simu yake juu, akaazima ya pili na ya tatu, akapanda juu ya benchi kama anayetafuta mwezi. Mtandao ulikuwa umeelemewa na umati. Kila wimbo aliouita ulinyamaza kama maji mtungini. Kimya kilikuwa kikubwa hata mafuta ya nyama yalisikika yakidondokea makaa.

Bi Verlene alibaki amesimama, mguu mmoja mbele.

"Labda Mungu ananiambia nikae," alisema taratibu, na mkono wake ukaanza kupapasa hewa kutafuta kiti.

Maneno hayo yalimchoma Cortland kuliko kicheko chochote. Alimwona Delphine akiweka mwiko chini na kuelekea garini, akamfuata mbio.

"Usiseme neno," alisema.

"Sijasema."

"Unasema kwa macho."

"Shika kreti, mdogo wangu. Na inama kwa magoti, sio kwa mgongo. Wewe umezoea upepo."

Huku nyuma Mjomba Lucius alishika zamu: alipiga makofi kwa mpigo wa hustle, wengine wakamfuata, ili dada yake asikae. Ndugu wawili waliunganisha nyaya kwenye spika bila kuulizana. Mikono ilikumbuka yenyewe.

"Mimi naanzisha, wewe unaunganisha wimbo na wimbo," Delphine alisema, akashusha sindano.

Muziki ulipotoka, watu walipiga kelele kama waliofunguliwa mlango. Cortland aliweka santuri ya pili. Miaka yote hiyo kompyuta ndiyo iliyokuwa ikimlinganishia mapigo, na alipounganisha, ngoma mbili ziligongana kama masufuria yaliyoanguka rafuni.

"Mjomba Cortland, hiyo sahani umeiosha?" mpwa wake aliuliza, na safu nzima ikacheka.

Cortland naye alicheka, masikio yakiwaka moto. Aliweka santuri ya tatu, akafumba macho, akaishika kwa ncha ya kidole, akaipunguza mwendo kidogo, akaipunguza tena. Akaiachia. Wimbo mmoja uliingia ndani ya mwingine kama mto unavyoingia ziwani, na hakuna aliyegeuza shingo. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote kwa mpiga muziki. Delphine alimpiga kiwiko cha mbavu.

Bi Verlene alicheza nyimbo nne, akageukia pande zote nne, bila kushikwa mkono.

"Nani aliunganisha ule wa tatu?" aliuliza, akihema.

Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Toledo pamoja kuzichukua zile santuri elfu mbili. Cortland hakuitupa kompyuta yake, kwani haikuwa na kosa. Aliijaza nyimbo ndani kwa ndani, zisihitaji kuitwa kutoka popote, na Delphine, huku akinung'unika, akamwomba amjazie na zake. Kosa lilikuwa ni kutegemea mali iliyo mbali siku ya haja, iwe gerejini Toledo au mtandaoni. Waliosema hawakukosea: fimbo ya mbali haiui nyoka.