Nguo ya Kwanza ya Bi Mwanahawa

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, ni enzi zile ukipigwa eksirei unapewa picha yako, plastiki nyeusi, uende nayo nyumbani, palikuwa na fundi cherehani akiitwa Bi Mwanahawa. Aligongwa na pikipiki, akavunjika paja, akatiwa chuma na skrubu. Mfupa ukaunga. Maumivu hayakuondoka.

Jamani, alichoka! Miaka miwili kiguu na njia kliniki. Kila akienda, picha mpya, kila picha mpya, Daktari Ndimbo anaitazama hiyo mpya peke yake, anasema, "Chuma kipo mahali pake, mama. Hiyo ni baridi tu." Anarudi na vidonge. Anakaa kwenye cherehani, anakanyaga mara tatu, machozi yanamtoka, anaacha. Na mguu huo ndio uliokuwa ukimlisha.

Yeye na mke mwenziwe, Bi Kashinde, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mume alishafariki, ugomvi ukabaki. Lakini picha zote alizilaza Kashinde chini ya godoro lake zisikunjike, maana kitanda cha mwenziwe kilikuwa cha kamba.

Siku moja homa ikapanda, paja likavimba, akalazwa, wauguzi wakaanza kunong'ona habari za kukata mguu. Kashinde akazibeba picha zote saba mpaka kwa Bwana Magesa, mpiga eksirei.

"Zitazame zote pamoja, baba. Mwenzangu anaisha."

Magesa akazipanga dirishani kwa tarehe. Lo! Pembeni mwa skrubu palikuwa na mstari mweusi. Katika picha za mwanzo haukuwepo, kisha ukaja mwembamba kama uzi, na katika ya saba umepanuka, mfupa umeliwa. Akampelekea daktari.

Ndimbo akaguna. "Chuma kilicholegea tu nacho huacha weusi huu. Hizi hazitoshi kujua kama kuna usaha." Akampima Bi Mwanahawa kwa ultrasaundi, akaona maji yamejikusanya kando ya chuma, akaingiza sindano hapo hapo. Ukatoka usaha.

Bi Mwanahawa, hoi juu ya machela, akasema, "Nikikanyaga tena cherehani, nguo ya kwanza ni ya aliyeuokoa mguu huu."

Ndimbo akapasua, akatoa chuma, akasafisha. Akarudia mara tatu. Mguu ukapona. Wakaja watatu kudai nguo.

Kashinde akasema, "Bila godoro langu, wangelinganisha nini?"

"Kweli. Lakini nilipolia uchungu, ulisema najidekeza."

Magesa akasema, "Mstari niliuona mimi."

"Uliuona lini?"

Akainamisha kichwa. "Tangu picha ya nne, mama. Kazi yangu kupiga, si kusoma. Niliogopa kumsahihisha daktari."

Ndimbo akasema, "Mimi nilikosea, mama, sina pa kuficha uso. Lakini sindano ilikuwa yangu, na kisu kilikuwa changu."

Bi Mwanahawa akawatazama. Alikuwa amechoka, hata hasira ilimchosha. Wote watatu walimwokoa, na wote watatu walimwacha aumie. Kitambaa kilikuwa mapajani, ahadi ni ahadi. Akachukua futi yake ya kupimia.

"Haya, mmoja asogee nimpime."

Wakatazamana, hakuna aliyeinua mguu. Na mimi msimuliaji nimeshindwa, msinitolee macho. Semeni nyie: nani alistahili kusogea?