Hodi kwenye Nyumba ya Makumbusho

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja aliyempeleka mama yake mjini kwa daktari. Mama alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza kwa kusahau alipoweka funguo, na funguo sote tunasahau, si neno. Kisha akasahau majirani. Na tangu masika yaanze alikuwa amemsahau hata huyu bwana, mwanawe wa pekee. Kwa kuwa ndiye aliyemwendesha kwenye gari kila safari ya hospitali, mama alimwita dereva. "Dereva, tumekaribia?" Naye anajibu, "Tumekaribia, mama," huku amekaza macho barabarani. Moyo unamuuma. Alikuwa na haja moja tu duniani: amsikie mama akimwita mwanangu, hata mara moja.

Siku hiyo daktari akawaambia majibu yatatoka alasiri. Wafanye nini? Bwana akaona kibao cha makumbusho, yale yenye nyumba za asili zilizojengwa uwanjani ili watu wazitazame. Akasema, tuingie tupoteze muda.

Mnajua sisi tunavyotembelea makumbusho tukiwa safarini. Hatutazami, tunapita! Simu juu, picha, twende. Akapiga picha mtungi, akapiga picha ngoma, akapiga picha jiwe la kusagia. Na jiwe kama lile liko uani kwa mama yake, kuku wanalilalia, hajawahi kulitupia jicho. Mama nyuma anajikokota. "Dereva, polepole basi." "Haya mama, zimebaki chache, tumalize."

Wakafika kwenye nyumba moja ya udongo, imeezekwa nyasi. Bwana akachungulia, akapiga picha yake, akageuka aende zake. Lakini mama akasimama mbele ya mlango, akajitanda kanga vizuri, akasema, "Hodi!"

Bwana akaona aibu, watu wanatazama. "Mama, humo hakai mtu. Ni nyumba ya kutazama tu."

"Nyumba ya watu utaingia bila hodi?" mama akamkaripia. "Kwenu hukufundishwa?"

Hebu niambieni, kwao nani alimfundisha?

Mama akapiga hodi tena. Na kutoka ndani sauti ikaitika, "Karibu!" Msishtuke, si muujiza. Alikuwa dada mmoja, mtembezi kama wao, ameingia mle kivulini kumnyonyesha mtoto wake. Kasikia hodi, kaitikia. Wewe ungenyamaza?

Mama akainama, akaingia. "Shikamoo, mama," dada akamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu ndani? Mtoto hajambo?" Akavuta kigoda akakaa, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika. Na mama yule ambaye nyumbani hakumaliza sentensi, akaanza kuzungumza! Akaeleza namna ya kukanda udongo wa ukuta usipasuke. Akamshika mtoto kisigino, akacheka. Bwana yuko nje mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, simu mkononi, anatazama saa.

Dada akauliza, "Na wewe mama, una watoto?"

"Ninaye mmoja, wa kiume. Mtoto mzuri, ana huruma sana, sipungukiwi kitu. Ila haketi. Akija anasimama mlangoni, ananiuliza, mama, umemeza dawa? Nikisema nimemeza, anaondoka. Namkumbuka sana yule mtoto."

"Sasa yuko wapi?"

"Yuko kazini. Huyo hapo ni dereva tu."

Ndugu zangu, simu ilirudi mfukoni. Bwana yule akavua viatu, akainama, akaingia, akakaa chini kwenye udongo na suruali yake ya safari. Machozi yanamtoka, hayafichi tena. Mama akamtazama. "Dereva, umechoka?"

"Nimechoka, mama."

"Basi kaa. Hakuna anayetufukuza."

Najua mnachosubiri. Mnataka niseme mama alimkumbuka, akamkumbatia. Hakumkumbuka. Alimhadithia dereva habari za mwanawe mpaka alasiri, na dereva akasikia mambo ambayo mwana hakuwahi kukaa akayasikia.

Sasa tusimcheke. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alilipa hospitali, alinunua dawa, alijaza mafuta gari. Wangapi humu hata hayo hatuyafanyi? Lakini sisi, wapendwa, tumekuwa watalii kwa wazazi wetu. Tunakwenda sikukuu, gari halizimwi. Tunapiga picha na mama, tunaituma kwenye kundi la familia, watu wanasema mashallah, amina, tumeshaondoka. Unajua presha ya mama yako ilikuwa ngapi juzi. Je, unajua kinachomchekesha? Unajua alipokuwa msichana alitaka kuwa nani? Na Mungu naye, si tunamfanyia vivyo hivyo kila Jumapili, tunachungulia tu?

Sina mengi. Wewe ambaye mama yako bado anakuita kwa jina lako, usibaki hapo nje baada ya ibada kunisifia mahubiri. Nenda kwake. Na akikuuliza umefuata nini, mwambie hukufuata kitu, umekuja kukaa.